Mazimwi ya Poland na mchezo wa video ulioiteka dunia

Mei 2011, Rais Barack Obama wa Marekani alifika Warsaw kwa ziara ya kiserikali. Miongoni mwa zawadi alizokabidhiwa na waziri mkuu wa Poland wa wakati huo, Donald Tusk, ulikuwemo mchezo wa video uitwao The Witcher 2, ambao wiki mbili zilikuwa bado hazijatimia tangu uingie sokoni. Miaka mitatu baadaye Obama alirudi katika mji huohuo na kuutaja hadharani. Alikiri kwamba yeye si hodari wa michezo hiyo, ila ameambiwa kuwa ni mfano mzuri wa nafasi ya Poland katika uchumi mpya wa dunia.

Si jambo la kawaida serikali kumtunuku mgeni wa heshima kisa cha mtu anayewinda mazimwi kwa malipo. Lakini Poland ilijua inachokitoa. Mchezo huo ulikuwa kazi ya vijana walioanza kwa kuuza sidii gulioni, na msingi wake ulikuwa ngano ambazo wakulima wa Kislavi walisimuliana kwa karne nyingi. Historia yake ni ya watu waliokataa kuzivua hadithi za wazee wao nguo zake ili zipendwe ugenini.

Mfanyabiashara wa manyoya

Yote yalianza katikati ya miaka ya 1980. Jarida la Fantastyka lilitangaza shindano la hadithi fupi isiyozidi kurasa 30. Mmoja wa walioshiriki alikuwa Andrzej Sapkowski, mzaliwa wa mji wa Łódź mwaka 1948, msomi wa uchumi aliyekuwa akifanya biashara ya nje ya manyoya ya wanyama. Hakuwa mwandishi mwenye jina.

Sapkowski alichukua ngano ya kale ya binti mfalme aliyekufa, ambaye kila usiku hutoka jenezani na kula watu, mpaka apatikane wa kukesha naye hadi jogoo awike. Katika ngano nyingi za aina hii, shujaa ni maskini mwerevu, kama vile mtoto wa fundi viatu. Sapkowski hakuridhika. Alijiuliza: fundi viatu kazi yake ni viatu, sasa kuua mazimwi atajulia wapi? Akaona kwamba kama mazimwi yangekuwepo kweli, ingekuwepo pia kazi ya kuyaua, yenye mafunzo yake, zana zake na malipo yake. Hapo ndipo alipozaliwa Geralt wa Rivia, mtu wa nywele nyeupe anayezunguka vijijini akiulizia kazi, mgongoni amebeba upanga.

Hadithi ilichapishwa Desemba 1986 na kushika nafasi ya tatu. Wasomaji, hata hivyo, walimtaka huyohuyo Geralt, nao hawakuacha kumdai. Sapkowski aliendelea kuandika hadithi fupi, kisha kati ya mwaka 1994 na 1999 akatoa riwaya tano mfululizo. Kufikia mwisho wa muongo huo, Geralt alikuwa akijulikana Poland nzima.

Kutoka gulioni hadi studio

Wakati Sapkowski akiandika, wanafunzi wawili waliosoma pamoja, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walikuwa wakiuza michezo ya kompyuta katika gulio la Warsaw. Ukomunisti ulikuwa umeanguka mwaka 1989, mipaka imefunguka, na nakala za wizi zimetapakaa kila kona. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyolinda pia programu za kompyuta, ilikuja mwaka 1994. Mwaka huohuo vijana hao walianzisha kampuni yao, CD Projekt, kwa mtaji mdogo na chumba cha kuazima.

Swali lao lilikuwa gumu: utamshawishi vipi mtu anunue kwa bei ya duka kitu kilekile kinachouzwa kwa bei ya bure gulioni? Jibu walilipata mwaka 1999 walipoleta mchezo wa Kanada, Baldur's Gate. Waliutafsiri wote kwa Kipolandi, wakawaita waigizaji mashuhuri, akiwemo Piotr Fronczewski, kuzirekodi sauti, kisha wakaufunga katika kasha nono lenye ramani na vijitabu. Mwizi angeweza kunakili sidii, lakini si kasha lile. Siku ya kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 18,000, nyingi kuliko walivyowahi kutarajia. Waligundua kwamba watu waliodhaniwa hawawezi kulipa walikuwa tayari kulipa, mradi waheshimiwe kwa lugha yao.

Baada ya kutafsiri kazi za wengine, walitamani ya kwao. Mwaka 2002 waliunda studio ya CD Projekt Red na kwenda kwa Sapkowski kuomba haki za kumtumia Geralt. Mwandishi huyo hakuamini kabisa kwamba michezo ya video ingeleta fedha. Alipopewa nafasi ya kupata asilimia ya mapato aliikataa, akataka alipwe mara moja na yaishe. Baadaye alikiri wazi kwamba alikosea. Mwaka 2018 mawakili wake walidai zloti milioni 60, na Desemba 2019 pande mbili zilitia saini makubaliano mapya.

Njia ya studio nayo haikuwa laini. Onyesho lao la kwanza walilizungusha kwa wachapishaji wa Ulaya, wakarudi mikono mitupu. Waliokolewa na kampuni ya BioWare, waundaji wa Baldur's Gate, ambayo iliwapa leseni ya kutumia mtambo wake wa programu, na mwaka 2004 ikawapa nafasi katika banda lake kwenye maonyesho makubwa ya Marekani. The Witcher ilitoka Oktoba 2007. Mwaka uliofuata studio ilitoa toleo lililoboreshwa, na aliyekuwa ameshanunua la kwanza akapewa maboresho hayo bure. Mwaka 2009 mradi wa kuupeleka mchezo huo kwenye mashine za michezo za sebuleni ulivunjika, na kampuni nusura ifilisike. Ilipata pumzi tena kwa kuungana na kampuni nyingine iliyokuwa tayari kwenye Soko la Hisa la Warsaw.

Kilele kilikuja tarehe 19 Mei 2015, ulipotoka mchezo wa tatu, The Witcher 3: Wild Hunt.

Bibi harusi wa adhuhuri

Ili kuelewa kwa nini mchezo huu uliwashika watu, tazama kazi moja ndogo iliyo karibu na mwanzo wake.

Kijiji kimezungukwa na mashamba ya ngano. Mzee mmoja ana binti mgonjwa anayehitaji maji safi, lakini kisima chenye maji hayo hakikaribiki. Jua linapofika utosini, mzuka wa mwanamke mwenye vazi la harusi lililochakaa huzunguka hapo. Waslavi walimjua kwa jina la południca, pepo wa adhuhuri, ambaye wakati wa mavuno huwavamia waliong'ang'ania kazi shambani wakati wa kupumzika. Jua la mavuno huua kweli, na wazee walimpa muuaji huyo sura ili vijana waogope na kukaa kivulini.

Mchezaji mwenye pupa atachomoa upanga na kukimbilia kisimani, na atajuta, kwa kuwa upanga unapita katika mwili wa mzuka kama unakata moshi. Inabidi kwanza aulize. Huyu alikuwa nani? Alikufaje? Kitu gani kinamfunga hapa? Anapekua kijiji kilichoteketea, anashuka kisimani, anapiga mbizi na kukuta bangili, kisha anaichoma pamoja na mabaki ya marehemu. Mzuka ukijitokeza, anachora duara la uganga ardhini, na ndani yake tu ndipo unapopata mwili wa kukatika. Imani ya mkulima imegeuka kanuni ya mchezo. Zimwi halishindwi na mkono wenye nguvu bali na mtu aliyejua kisa chake.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Mtawala mmoja mlevi amempiga mkewe mjamzito, mimba ikatoka, na kichanga kikazikwa bila jina wala ibada. Kimefufuka kikiwa zimwi. Mchezaji anaweza kukiua, au kumlazimisha baba akibebe mikononi hadi nyumbani, akipe jina kwa maneno ya majuto, na kukizika chini ya kizingiti cha nyumba. Akifanya hivyo, kiumbe kile kinageuka mlinzi wa nyumba na kuonyesha njia waliyopita mke na binti waliotoroka. Simulizi za roho za vichanga waliozikwa bila heshima zimeenea kwa Waslavi. Waandishi wa mchezo walizitumia kumfikisha baba mkatili mbele ya alichokitenda, bila kumsafisha.

Katika nyongeza ya Oktoba 2015, Hearts of Stone, waliigeukia ngano ya Pan Twardowski, mchawi wa Kraków aliyemuuzia shetani roho yake kwa sharti kwamba ichukuliwe Roma tu. Shetani alimnasa katika nyumba ya wageni iliyoitwa Roma, na mchawi akaishia mwezini. Katika mchezo, sharti ni kwamba wahusika wasimame juu ya mwezi, na mdai anawaonyesha mwezi uliochorwa sakafuni, palepale walipokanyaga. Mtoto yeyote wa Poland aliutambua mtego huo. Mgeni aliyeusikia kwa mara ya kwanza naye ulimtisha vilevile.

Ukweli kuhusu asili yake

Tusiseme zaidi ya ilivyo: si kila kitu humo ni cha Kislavi. Msafara wa mizimu ulioupa mchezo wa tatu jina lake unatoka hasa katika ngano za Kijerumani, visiwa vya Skellige vya mchezoni vimechota kwa Waviking na Wakelti, na Sapkowski mwenyewe aliazima sana kutoka visa vya Mfalme Arthur. Lakini udongo ni wa nyumbani: mabwawa, mazizi, umaskini wa vijiji baada ya vita, usiku wa kuwaita wafu. Hata muziki ulijengwa pamoja na kundi la Kipolandi la Percival, wapigaji wa ala za jadi. Mafanikio nayo yalikuwa na gharama, kwani baadhi ya waliofanya kazi studioni walilalamikia saa ndefu mno za kazi.

Mchezo wa tatu ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka 2015 katika The Game Awards. Kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 50. Desemba 2024 studio ilionyesha kionjo cha mchezo wa nne, na safari hii upanga umeshikwa na Ciri, binti aliyelelewa na Geralt.

Nyuma ya mafanikio haya yuko mtu asiyetajwa sana. Katika karne ya 19, Oskar Kolberg alizunguka vijiji vya Poland akiandika nyimbo, imani na hadithi za wakulima, na alipofariki mwaka 1890 aliacha majuzuu kwa makumi. Kazi ya watu kama yeye ndiyo iliyohifadhi saa ya mzuka kutokea, mahali pa kuzika, na sharti la kuvunja laana.

Nasi tunaokusanya hadithi za wazee wetu, kwa daftari au kwa simu, tusiishie kwenye jina la zimwi na mwisho wa kisa. Tuandike hutokea saa ngapi, hukaa wapi, huogopa nini, na nani aliruhusiwa kulikabili. Vitu hivyo vidogo, ambavyo msimuliaji mwenye haraka huviruka, ndivyo kijana atakayetengeneza mchezo wetu atakavyovihitaji kwanza.