Nyumba ya Kiswahili: Urithi wa Magomeni na Temeke ulio nje ya ulinzi wa sheria

Nyumba ya Kiswahili ni jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam wamelipa jengo la chini lenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili. Kwa miongo mingi jengo hilo limekuwa makazi ya watu wa kipato cha kawaida Magomeni, Kinondoni, Keko na Temeke. Hivi sasa nyumba nyingi za aina hiyo zinabomolewa kupisha maghorofa na fremu za maduka, ilhali sheria ya kuhifadhi majengo ya kale haizifikii kutokana na umri wake.

Ramani ya nyumba hiyo ni rahisi. Mbele kuna baraza, na mlango mkubwa huingia kwenye ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Kwa kawaida vyumba huwa sita, vitatu kila upande. Mlango wa nyuma hutokea uani, ambako kuna jiko, choo, bafu na mara nyingi stoo. Ua huzungushiwa ukuta au makuti ili wapita njia wasione ndani.

Kila sehemu ina kazi yake. Barazani hukaa wageni, wazee na wacheza bao, na muuza kahawa hupata wateja hapo. Uani hupikwa, hufuliwa na kulelewa watoto. Milango miwili iliyoelekeana hupitisha upepo ukumbini, jambo lenye manufaa makubwa katika joto la pwani. Paa lililoshuka kupita kuta nalo huzikinga dhidi ya jua na mvua.

Nyumba za awali zilijengwa kwa miti na fito, kisha zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Boriti za mikoko zilitoka katika maeneo kama delta ya Rufiji. Baadaye yalikuja mabati, plasta na matofali ya saruji, lakini ramani haikubadilika. Mwenye nyumba aliweza kuanza na vyumba viwili na kuongeza vingine kadiri alivyopata fedha.

Umbo hilo lilienea Kariakoo, eneo lililopimwa viwanja wakati wa utawala wa Wajerumani, na ambalo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika hadi Temeke na Magomeni. Ilijenga kota kwa ajili ya baadhi ya wakazi, na wengine wakajijengea wenyewe nyumba za Kiswahili viwanjani.

Thamani ya nyumba hiyo kihistoria imo katika namna ilivyowapokea wahamiaji. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hivyo watu wa makabila na dini tofauti waligawana ukumbi mmoja, kisima au bomba moja, na kulazimika kuzungumza Kiswahili. Kodi ya vyumba iliwapa kipato wenye nyumba wengi, wakiwamo wanawake na wazee.

Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 nayo ina ulinzi wake. Nyumba ya Magomeni iliyojengwa miaka ya 1950 haimo katika makundi hayo, na huweza kulindwa tu iwapo waziri mwenye dhamana ataitangaza rasmi kuwa kumbukumbu.

Nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere iliyoko Magomeni, alikoishi katika harakati za kuelekea Uhuru wa mwaka 1961, imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Imenusurika kwa sababu ya jina la aliyeishi humo. Katika Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoanzishwa miaka ya 1960, zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, lakini hizo huonyesha zaidi maisha ya vijijini.

Wakati huohuo, thamani ya ardhi imepanda. Mabasi yaendayo haraka yalianza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam. Aidha, nyumba ya urithi yenye warithi wengi mara nyingi huuzwa ili kila mmoja apate fungu lake.

Kuhifadhi kila nyumba hakuwezekani, na wenye nyumba wana haki ya kunufaika na viwanja vyao. Kinachowezekana ni kupima na kuchora ramani za zilizosalia, kuzipiga picha na kuandika masimulizi ya wazee waliozijenga. Nyumba chache zilizo imara, zikitangazwa kuwa kumbukumbu pamoja na baraza na ua wake, zitaonyesha jinsi wakazi wa kawaida walivyolijenga jiji hili.