Mfongo wa Mlimani na Kisima cha Tambarare

Fungueni madaftari yenu. Leo tunauliza: maji ya Moshi yaligharimu nini, na nani alilipa?

Tuanze mlimani. Wachagga walikaa kwenye migongo iliyo kati ya mabonde marefu. Mto ulikuwa chini, migomba ilikuwa juu. Basi walipanda hadi mahali mto ulipo juu kuliko mashamba, wakauzuia kwa mawe na magogo, wakayaongoza maji katika mfereji uitwao mfongo. Maji yalishuka yenyewe. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliiona mifereji hiyo.

Je, mfongo ulikuwa bure? La. Gharama yake ilikuwa jasho. Ukibomoka, wenyewe waliitwa kuutengeneza. Asiyefika alitozwa faini au alikosa zamu yake ya maji. Na mwizi wa maji hakufichika, maana shamba lake lilikuwa bichi kuliko la jirani!

Sasa tushuke tambarare. Huko mvua ni haba, na watu wengi hutegemea maji ya chini ya ardhi. Mtambo hutoboa udongo na mawe ya volkano, na kazi huhesabiwa kwa mita. Kina kikiongezeka, mabomba huongezeka, pampu huwa kubwa zaidi, na dizeli au umeme huliwa zaidi kila siku. Shimo likitoka kavu, mara nyingi mchimbaji hulipwa vilevile. Tena maji yakipatikana huenda yakawa na floridi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, zisizidi. Kwa hiyo maji yapimwe kabla ya pampu kununuliwa.

Nani alilipa? Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 ili kila mwanakijiji apate maji safi karibu naye ifikapo 1991, na gharama ikabebwa na serikali. Mwaka huo ulifika, vijiji vingi bado havina maji, na pampu nyingi zimenyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri. Sera ya Maji ya 2002 ikawataka wanavijiji wachangie ujenzi na walipe gharama za kuendesha.

Kwenye mfongo, maskini alilipa kwa jembe lake. Penye kisima cha pampu, asiye na shilingi atalipa kwa nini? Jadilianeni darasani, kisha kila mmoja aandike sentensi tano.