Gia na Vitesi: Udereva na Maneno Yake katika Njia ya Kanzenze

Msafiri atokaye Musanze kwenda Rubavu, mji ambao wengi wangali wakiuita Gisenyi, hufika upande wa Kanzenze kabla ya kuteremkia Ziwa Kivu. (Hatusemi Kanzenze ya Bugesera, ambayo iko mbali na huku.) Nchi hii ni ya milima mitupu. Ziwa liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi, na kilele cha Karisimbi kimefika meta 4,507. Barabara yake ni ya kona na miteremko, na ndipo mtu hubainika kama amejifunza kuendesha gari au amejifunza kushika usukani tu.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu udereva. Tunataka kutazama jinsi elimu hiyo ilivyotufikia pamoja na maneno yake, kwani huku maneno hayo yamekuja kwa njia mbili.

Mwaka 1907 afisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund mwaka 1909; yaani alitumia karibu miaka miwili kuvuka bara lisilokuwa na barabara. Mwaka ule ule wa 1907 Richard Kandt aliasisi Kigali. Wakati huo Rwanda na Tanganyika zilikuwa chini ya dola moja, na Kiswahili ndicho kilichotumika katika utawala wake. Kama mambo yangalibaki hivyo, huenda leo tungalikuwa na msamiati mmoja wa motokaa. Lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza, na Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji. Magari yalipoenea, kila upande uliyapokea kwa lugha ya mtawala wake.

Basi mashariki tukapata dereva, gia, klachi na breki. Huku Rwanda, na ng'ambo ya mpaka katika Kongo, watu wakasema shoferi, vitesi, ambreyaje na feri. Hata mikono ilitengana: Rwanda magari hupita kulia, dereva akakaa kushoto na kubadili gia kwa mkono wa kulia, Tanzania, Kenya na Uganda ni kinyume chake. Neno moja tu, kwa maoni yetu, halikumwomba mkoloni yeyote kitu, nalo ni usukani. Lilikuwa baharini, mikononi mwa manahodha, karne nyingi kabla ya motokaa kuzaliwa, likapanda nchi kavu bila kubadili hata herufi.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa kazi ngumu kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Katika giaboksi za zamani meno ya gia hayakuwa na kitu cha kuyalinganisha mwendo. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akatia mafuta kidogo ikiwa anashuka gia, kisha akakanyaga klachi mara ya pili ndipo aingize gia nyingine. Akikosea, meno yalisaga na kelele ikasikika kijiji kizima. Kampuni ya Cadillac ilileta mtambo wa kulinganisha meno mwaka 1928, lakini malori yalichelewa sana kuupata. Ndiyo maana chuo cha wengi kilikuwa ni lori lenyewe: kijana alianza kwa kuwa utingo, akapakia mizigo, akabeba kigingi cha kuzuia tairi mlimani, huku masikio yake yakijifunza sauti ya injini. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza chuo kingine, kwani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki liliwafunza udereva askari wengi, na lugha ya askari hao ilikuwa Kiswahili.

Mteremko wa kwenda Gisenyi hueleza vizuri zaidi faida ya elimu hiyo. Anayeweka frii na kutegemea breki peke yake huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Aliyefunzwa huingiza gia ya pili, akaiacha injini yenyewe izuie gari. Na akisimama akielekea mlimani, hushika breki ya mkono, akaachia klachi polepole hadi ahisi injini imeanza kuvuta, ndipo aachilie. Akiiachia klachi kwa ghafula gari huzimika. Akichelewa kuiachia, hurudi nyuma.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Mwaka 2024 nchi hiyo iliruhusu mitihani ya udereva kufanywa kwa gari lisilo na klachi, na atakayefaulu kwa gari hilo huendesha magari ya namna hiyo tu. Hapo pana jambo linalotuhusu sisi walimu. Neno klachi linaweza kusahaulika vinywani mwa vijana wa Kanzenze kabla hatujawafundisha, na ambreyaje likafa pamoja nalo bila kuingia katika kamusi yoyote ya Kiswahili.

Hatuungi mkono wale wanaolikata vitesi kwa wino mwekundu. Tulipokea gia kutoka Kiingereza bila kuona haya. Sababu ya kulikataa neno la Kifaransa lililokwisha kuvaa sauti zetu hatuioni. Yafaa mwanafunzi ayajue yote mawili na ajue yatumikapo. Lipo hata la hatari: Rwanda lisansi ni petroli, nayo leseni ya Tanzania ni hati ya udereva. Mwanafunzi aliyezoea lisansi, akisimamishwa na askari wa Tanzania na kuulizwa leseni yake iko wapi, anaweza kumwonyesha tangi.