Imani Iliyotangulia Njaa: Jamaa na Wafanyakazi wa Shaba wa Katanga

Tangu kampuni ya shaba ya Gécamines iporomoke, maelezo ya aina moja yamezoeleka katika mijadala ya wasomi wa Lubumbashi: mfanyakazi aliyepoteza kwa mpigo mshahara, posho, shule ya watoto na hospitali alitafuta baba mwingine mbinguni, na kumtegemea Mungu ni jina la heshima la kukata tamaa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, alionyesha vizuri jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa Bana Shaba, yaani wafanyakazi wa shaba na familia zao, kisha ikawaacha. Sina ugomvi na historia hiyo. Ninawapinga wanaoichukua na kuifanya asili ya imani.

Kalenda inawakatalia. Jamaa, harakati ya waumini Wakatoliki, ilizaliwa Kolwezi katika miaka ya 1950, mikononi mwa Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao. Wakati huo Union Minière, kampuni iliyotangulia Gécamines, ilikuwa katika kilele cha nguvu zake. Mshahara ulilipwa, posho ikagawiwa, zahanati za kambi zikafanya kazi. Aliyeingia Jamaa hakusukumwa na njaa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewachunguza na kuchapisha kitabu chake mwaka 1971, anatuonyesha watu waliotafuta uzima, uzazi na mapendo, yaani mambo ambayo hakuna kampuni iliyoweza kuyagawa pamoja na unga. Ndoa yenye ugomvi, mtoto aliyefariki, aibu ya kuamriwa kama mtoto kazini: hayo yalimfuata mtu hata siku ya mshahara.

Tena imani hiyo haikuwa ya kukaa na kungoja. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua, wakiongozwa na waliowatangulia, wakiwafunulia mawazo yao na hata ndoto zao. Kumwamini Mungu kulipimwa kwa kumwamini jirani wa kambini, kazi ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kusali peke yako.

Nitaambiwa kwamba Jamaa ilikuwa ya wachache, na kwamba maaskofu walipambana na baadhi ya matawi yake. Ni kweli. Lakini siitumii kama sampuli ya mji mzima; anayedai kwamba dhiki ndiyo iliyozaa imani hii anapaswa kueleza kwa nini ilitangulia. Mahubiri ya utajiri katika baadhi ya makanisa ya uamsho ni suala jingine, na huko lawama ina uzito.

Wala kumwamini Mungu si kuacha kudai haki. Mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliingizwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers ameeleza jinsi wengi wao walivyojiunga kudai malipo zaidi. Katika mji ambao karibu kila mtu ana kanisa lake, sidhani madai hayo yaliachiwa wapagani peke yao. Ayubu mwenyewe alimshitaki Mungu waziwazi, na mwishoni walioonywa ni marafiki zake waliomtaka anyamaze.

Waliosikia mafundisho ya Tempels kabla hajarudi Ubelgiji mwaka 1962 wanapungua. Wanaokusanya kumbukumbu za kazi, kama ulivyofanya mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wawaulize pia walisali vipi walipokuwa bado wanalipwa.