Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Hesabu ya Kumsajili Mchezaji



Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mazungumzo yetu huku ughaibuni hubadilika. Iwe ni London, Muscat au kwenye simu na ndugu walioko Dar es Salaam na Mombasa, kila mtu huwa mwenyekiti wa klabu. Wamnunue fulani! Wamtoe yule, hafai! Ni raha tupu, kwani fedha si zetu. Leo naomba tuitazame historia ya jambo hili kwa jicho la mhandisi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kujiuliza: kitu hiki kikivunjika, nani ataumia?

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Februari 1905 klabu ya Middlesbrough ilikuwa katika hatari ya kushuka kutoka daraja la kwanza la Uingereza. Ilikuwa haijashinda mchezo wa ugenini kwa karibu miaka miwili. Viongozi wake wakaenda kwa jirani zao Sunderland, wakamnunua mshambuliaji Alf Common kwa pauni 1,000. Bei hiyo haijawahi kusikika kabla yake, na miezi michache tu nyuma Sunderland yenyewe ilikuwa imemnunua kwa pauni 520. Wapo waliolaani kwamba mchezo sasa umegeuzwa biashara ya watu. Katika mechi yake ya kwanza, ugenini kwa Sheffield United, Common alifunga penalti, Middlesbrough ikashinda 1-0, na mwisho wa msimu ikanusurika.

Hapo ndipo hesabu hii ilipoanza. Upande mmoja wa mizani kuna ada ya kumnunua mchezaji, na upande wa pili kuna gharama ya kutomnunua. Waliolaani waliutazama upande mmoja tu.

Lakini je, mtu anaweza kujua mapema kama mchezaji atafaa? Chukueni mfano wa Brian Clough, kocha wa Nottingham Forest, ambaye Waingereza wengi wanamhesabu miongoni mwa watu wenye jicho kali kabisa la kutambua vipaji. Februari 1979 alimsajili Trevor Francis kutoka Birmingham City, mchezaji wa kwanza wa Uingereza kufikia bei ya pauni milioni moja. Miezi mitatu baadaye, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya mjini Munich, Francis alifunga bao pekee dhidi ya Malmö ya Sweden, na Forest ikachukua kombe. Mwaka 1981 Clough huyo huyo akalipa tena pauni milioni moja, safari hii kwa Justin Fashanu wa Norwich City, kijana aliyekuwa akisifiwa kila pembe. Hakuelewana na kocha, mabao yakamkauka, na mwaka uliofuata akauzwa kwa jirani zao Notts County kwa pauni 150,000.

Kocha ni yule yule, klabu ni ile ile, bei ni ile ile. Mmoja alileta kombe la Ulaya, mwingine alileta hasara ya pauni 850,000. Basi tukubaliane kwamba kukosea ni sehemu ya biashara hii. Mchezaji ni binadamu. Ana goti linaloweza kupasuka, ana mke asiyeupenda mji mpya, ana kocha asiyemwelewa. Hakuna mpimaji awezaye kuyapima yote hayo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Swali la kiongozi wa klabu linatakiwa kuwa lingine: tukikosea, tutasimama?

Swali hili lilikuwa zito zaidi baada ya tarehe 15 Desemba 1995, siku Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipotoa hukumu katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman. Tangu hapo, ndani ya Umoja wa Ulaya, mkataba wa mchezaji ukiisha anaondoka bure. Maana yake kwa mhasibu ni hii: ukimnunua mtu kwa pauni milioni 10 kwa mkataba wa miaka mitano, kila mwaka unafuta milioni 2 katika vitabu vyako, na mwisho wa mwaka wa tano umebaki na sifuri. Nyumba inaweza kupanda thamani ukiwa umelala. Mkataba wa mchezaji unayeyuka kama barafu juani, usipomwuza au kumwongezea muda.

Sasa tufike Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao historia yake ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Leeds United walikuwa mabingwa wa Uingereza mwaka 1992. Mwishoni mwa miaka ya tisini, chini ya mwenyekiti Peter Ridsdale na kocha David O'Leary, walikuwa na kundi la vijana waliowalea wenyewe: Harry Kewell, Alan Smith, Jonathan Woodgate, Ian Harte, Paul Robinson. Mwaka 2000 walimaliza wa tatu, wakaingia Ligi ya Mabingwa. Huko waliwatoa Barcelona katika kundi la kwanza, wakawafunga Deportivo La Coruña katika robo fainali, na Mei 2001 wakasimamishwa na Valencia katika nusu fainali. Katikati ya safari hiyo, Novemba 2000, walimnunua beki Rio Ferdinand kutoka West Ham kwa pauni milioni 18. Hakuna beki duniani aliyekuwa amefikia bei hiyo. Naye Robbie Keane akaja kutoka Inter Milan kwa milioni 12.

Hadi hapo, mtu angeweza kusema wanajua wanachokifanya. Sasa angalieni ratiba. Msimu wa 2000-01 England ilikuwa na nafasi tatu za Ligi ya Mabingwa. Liverpool ilimaliza ya tatu kwa pointi 69, Leeds ya nne kwa pointi 68. Pointi moja! Mlango wa fedha nyingi za Ulaya ukafungwa mbele yao. Mtu mwenye tahadhari angekunja miguu kulingana na urefu wa shuka. Leeds walifanya kinyume. Mwezi Septemba 2001, miezi minne baada ya kuikosa nafasi ile, walikopa pauni milioni 60, na dhamana waliyoweka ilikuwa mapato ya tiketi za uwanja wao kwa miaka 25 ijayo. Oktoba wakamnunua Seth Johnson kutoka Derby kwa milioni 7, Novemba wakamchukua Robbie Fowler kutoka Liverpool kwa milioni 11.

Siku ya mwaka mpya wa 2002 Leeds walikuwa kileleni mwa ligi, na bila shaka waliokuwa wameonya walionekana wachawi. Mwezi Mei walimaliza wa tano. Wahenga wetu walikwisha kuyasema haya: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kilichofuata kilikwenda kwa kasi. Julai 2002 Ferdinand aliuzwa kwa Manchester United, mahasimu wao wakubwa, kwa kiasi cha pauni milioni 30. Keane akaenda Tottenham kwa milioni 7. Januari 2003 Woodgate akauzwa Newcastle kwa milioni 9, na Fowler akaenda Manchester City huku Leeds ikiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Yaani walikuwa wanamlipa mtu aichezee timu nyingine! Machi 2003 Ridsdale alijiuzulu. Mei 2004 klabu ikashuka daraja. Kabla mwaka huo haujaisha uwanja wao wa Elland Road ulikuwa umeuzwa, na kijana wao James Milner, ambaye angecheza ligi kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, ameuzwa. Mei 2007 klabu iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, ikanyang'anywa pointi 10, ikaangukia daraja la tatu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Magazeti ya wakati ule yalicheka sana habari kwamba ofisi ya klabu ilikodi samaki wa mapambo kwa pauni 20 kwa mwezi. Ni kichekesho kizuri, lakini samaki hawakuizamisha Leeds. Na wala wachezaji wabaya hawakuizamisha. Mchezaji wao ghali kuliko wote, Ferdinand, aliwapa faida ya kiasi cha pauni milioni 12 katika muda usiofika miaka miwili. Johnson aliandamwa na majeraha, kweli, lakini kila klabu ina Johnson wake. Jicho la kuchagua wachezaji walikuwa nalo.

Hapa ndipo uhandisi unaponisaidia. Daraja litakalopitisha lori la tani 10 halijengwi libebe tani 10 kamili. Tunalijenga libebe zaidi, kwa sababu siku moja dereva atazidisha mzigo, au chuma kitakuwa na kasoro ambayo haikuonekana. Ziada hiyo huonekana kama hasara mpaka siku inapohitajika. Tena tunachunga sana uzito wote usining'inie kwenye bolti moja. Leeds waliondoa ziada yote, kisha wakaning'iniza kila kitu kwenye bolti moja: nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Marejesho ya mkopo yalikuwa hayabadiliki, mishahara ilikuwa hayabadiliki kadhalika, lakini mapato ya kuyalipa yalitegemea mpira unaogonga mwamba na kurudi.

Na kuna ubaya mwingine. Timu inapofanya vibaya, viingilio na fedha za televisheni hupungua siku zile zile ambazo bei ya wachezaji wake inashuka. Wanunuzi wanajua umebanwa, nao wanasubiri. Kwa hiyo yule mchezaji uliyemhesabu kuwa akiba ya siku ya mvua, siku ya mvua ndiyo siku anayouzwa kwa bei ya kutupa. Keane hakusahau kucheza mpira kati ya milioni 12 na milioni 7. Aliyekuwa amebadilika ni muuzaji.

Kwa kulinganisha, watazameni Arsenal wa miaka hiyo hiyo. Mwaka 1997 walimchukua kijana Nicolas Anelka kutoka Paris Saint-Germain kwa kiasi cha pauni nusu milioni. Angeshindwa, wangepoteza nusu milioni na maisha yangeendelea. Mwaka 1999 walimwuza Real Madrid kwa zaidi ya pauni milioni 22. Fedha zile zilisaidia kujenga kituo cha mazoezi cha London Colney na kumleta Thierry Henry kwa kiasi cha milioni 11. Dau dogo, faida kubwa, na sehemu ya faida ikawekwa kwenye kitu kisichopasuka goti.

Hesabu hii imemgusa pia kijana wetu Mbwana Samatta. Alipanda ngazi kwa ngazi: kutoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Kila hatua mnunuzi aliweka dau analolimudu. Januari 2020 Aston Villa, ikiwa inapigania kutoshuka na mshambuliaji wake Wesley ameumia goti, ilimnunua kwa ada iliyokadiriwa kuwa zaidi ya pauni milioni 8. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi alifunga kwa kichwa pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mabao yake yaliishia mawili, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo.

Wengi wetu tulisononeka, na wapo Waingereza waliosema Villa ilitupa fedha. Mimi naiona hesabu ya Alf Common ikijirudia. Villa ilikuwa inanunua nafasi ya kubaki, na ilibaki, kwa tofauti ya pointi moja tu. Hata kama ingeshuka, ada ya mtu mmoja isingeuza uwanja wa Villa Park. Usajili wa aina hiyo unaweza kutofanikiwa sana uwanjani na bado ukawa uamuzi wa busara.

Mwisho, tuulizane nani hulipa. Ridsdale alipata kazi katika klabu nyingine. Wachezaji walipata timu nyingine. Klabu ya Uingereza inapofilisika, kanuni za ligi zinataka wachezaji na klabu nyingine walipwe madai yao kikamilifu, ilhali muuza nyama na fundi bomba wa mtaani hugawana kinachobaki. Pale Leeds walikuwepo pia wafanyakazi wa ofisini waliopoteza ajira, watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama Fowler anunuliwe au asinunuliwe. Elland Road ilirudi mikononi mwa wamiliki wa klabu mwaka 2017, na ligi kuu waliirudia mwaka 2020, baada ya miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka waliposhuka alikuwa karibu kuwa mtu mzima.

Ile dhamana ya mwaka 2001 ilikuwa tiketi za miaka 25. Yaani waliweka rehani viingilio vya watu ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa. Dirisha lijalo likifunguliwa, nasi tukaanza tena kupiga kelele wamnunue fulani, tuulize na hili pia: fedha hizo ni za nani, na asipocheza vizuri, nini kitauzwa?

Wasalaam.