Wimbo wa "Malaika": Nani Mwenyewe?

Somo letu la leo ni la historia. Si historia ya vita wala ya wafalme, bali ya wimbo mnaoujua: "Malaika".

Wimbo huu wasimulia habari za kijana ampendaye msichana, lakini hana fedha za mahari. Jambo hilo halihitaji maelezo, sote twalifahamu.

Aliyeuvumisha wimbo huu kwa santuri ni Fadhili William, mwimbaji na mpiga gita, mzaliwa wa nchi ya Taita, huko Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu. Sauti yake ilinaswa katika santuri miaka ya mwanzo ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Mwaka 1963 aliurudia mjini Nairobi pamoja na bendi ya Equator Sound. Watu waliusikia kwake, basi wakasema, "Huu ni wimbo wa Fadhili."

Lakini mtu mwingine, Adam Salim, alisema kwamba yeye ndiye aliyeutunga, mjini Nairobi, mwaka 1945. Yaani miaka 15 hivi kabla ya santuri ile ya kwanza! Alisema alimtungia msichana aliyempenda, ambaye wazazi wake walimwoza tajiri.

Wakati huo wimbo ulikuwa safarini. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika santuri iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1981 uliimbwa na Boney M., kikundi kilichoundwa Ujerumani na Frank Farian, chenye waimbaji wazaliwa wa visiwa vya Karibi. Wao waliupiga kwa mtindo wa dansi la Ulaya. Watu wasiojua Kiswahili hata neno moja wakaucheza.

Je, kuna ubaya gani mwenyewe asipojulikana? Ubaya upo. Santuri inapouzwa, sehemu ya fedha ni haki ya mtungaji. Akitajwa asiye mtungaji, mwenye jasho hukosa fungu lake. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na hata leo watu wanabishana.

Shamba lina mipaka, na jirani aweza kuitwa kushuhudia. Wimbo hauna mpaka; hutoka kinywani mwa huyu ukaingia kinywani mwa yule. Shahidi wake ni karatasi yenye maneno ya wimbo, jina la mtungaji na tarehe. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi huandikishwa COSOTA. Lakini sheria hutaka ushahidi, na ushahidi huanza na kalamu yako.

Basi wewe unayetunga nyimbo za ngoma, za arusi au za kwaya, usingoje. Kalamu unaijua sasa.

MASWALI
1. Adam Salim alisema aliutunga wimbo mwaka gani?
2. Kikundi cha Boney M. kiliundwa nchi gani?
3. Kwa nini ni vigumu kumjua mwenye wimbo kuliko mwenye shamba?

KAZI YA KUANDIKA
Andika katika daftari lako, ukijaza mapengo: "Mimi, ........, wa kijiji cha ........, nimetunga wimbo uitwao ........, leo tarehe ........"