Kitanzi na Katekisimu

Kuna kifungu kidogo cha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2267, ambacho kimebadilishwa mara mbili katika muda wa miaka 26. Kwa Kanisa ambalo ukihamisha tu viti vya kwaya watu wananuniana hadi Pasaka, hiyo ni kasi ya ajabu. Mwaka 1992 mafundisho yalikuwa kwamba serikali ina haki ya kutoa adhabu inayolingana na kosa, na kosa likiwa zito kupita kiasi, hata kifo. Mwaka 1997 likaongezwa sharti: iwapo tu hakuna njia nyingine ya kukinga maisha ya watu. Halafu Agosti 2018 Papa Francis akaagiza kiandikwe upya. Adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inashambulia utu na heshima ya mwanadamu. Basi.

Nilipoanza kufuatilia hii habari, nilikuwa nimeshaacha chuo, muda ni mwingi na bando ni kidogo, nilidhani ni mambo ya Roma na maaskofu wake. Kumbe njia inapita Nyeri.

Lakini tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alitoa mfano ambao Kanisa liliutegemea kwa mamia ya miaka. Kiungo kikioza, daktari anakikata ili mwili wote upone. Mhalifu hatari ni kiungo kilichooza, jamii ndiyo mwili. Huo mfano wengi wanaujua. Kinachonitisha mimi ni kile alichoongeza pale pale: kwamba mtu anayetenda dhambi anaporomoka kutoka kwenye heshima yake ya kibinadamu, anashuka kuelekea hali ya mnyama. Yaani heshima ya mtu inaweza kuisha. Ikishaisha, kumuua si sawa tena na kumuua mtu.

Na usidhani haya yalibaki vitabuni. Kabla Italia haijaungana, Papa alikuwa pia mtawala wa nchi, yenye polisi, magereza na mnyongaji. Anayejulikana zaidi ni Giovanni Battista Bugatti, ambaye Warumi walimwita Mastro Titta. Alianza kazi mwaka 1796, akaiacha 1864, na daftari lake lina watu 516. Wengine aliwanyonga, wengine aliwakata vichwa, wengine aliwapiga rungu. Siku zisizo na kazi aliuza miavuli. Alikuwa Mkatoliki mwema, na Papa Pius IX ndiye aliyemstaafisha kwa malipo ya uzeeni. Hakuna aliyeona kinaya, kwa sababu hapakuwa na kinaya: mafundisho na kazi yake vilikubaliana kabisa.

Sasa njoo karibu. Septemba 1952, Papa Pius XII alihutubia kongamano la wataalamu wa tiba mjini Roma. Mada yake ilikuwa mipaka ya utafiti kwa miili ya watu, na mengi aliyosema yalikuwa ya kumlinda mgonjwa. Ila katikati aligusia waliohukumiwa kifo. Serikali, alieleza, haimnyang'anyi mtu haki ya kuishi. Mtu huyo ameshajinyang'anya mwenyewe kwa kosa lake, serikali inamwondolea uhai tu.

Wiki tano baadaye, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya.

Sisemi kimoja kilileta kingine. Baring hakuhitaji ruhusa ya Papa, na sidhani hotuba ile ilisomwa Kiambu. Ninachosema ni kwamba serikali ya kikoloni ilipoanza kunyonga, Kanisa lililokuwa na misheni kila mlima wa Nyeri na Murang'a halikuwa na fundisho la kuizuia. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita vya Mau Mau. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kulisha kiapo ilitosha. Kukutwa na risasi ilitosha. Kulikuwa hata na mitambo ya kunyongea iliyohamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, kama vile leo wanavyohamisha jukwaa la mkutano wa kisiasa.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, amepigwa risasi. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri, na shtaka lilikuwa kumiliki bastola na risasi. Usiku wa kuamkia kunyongwa, Februari 17, 1957, akiwa Kamiti, alimwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Kila mara nikiisoma ninashindwa kuiweka kando. Hamna hasira mle. Anashukuru kwa waliomtembelea gerezani. Anamkumbusha padre kuhusu masomo ya mwanawe, aanzishwe shule mapema. Anamtaja mkewe Mukami, ambaye naye alikuwa kizuizini. Na anasema ana furaha, anajiandaa kwenda mbinguni kesho.

Mapadre na masista walimfikia, na hilo si dogo. Kwa mtu anayengoja asubuhi peke yake, labda ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Lakini walimwandaa kwa kitanzi, hawakukipinga kitanzi. Huwezi kuwalaumu kwa kuasi mafundisho, kwa sababu hawakuyaasi.

Kilichobadilika baadaye hakikuanzia kwa wahalifu, kilianzia kwa swali la heshima yenyewe. Vita vya Hitler vilikuwa vimeonyesha serikali inaweza kufanya nini ikishajipa mamlaka ya kuamua ni nani bado ni mtu. Mwaka 1969 Papa Paul VI aliifuta adhabu ya kifo katika sheria za Vatikani, maana ndiyo, ilikuwepo tangu 1929, kwa yeyote ambaye angejaribu kumuua Papa. Miaka 12 baadaye mtu akajaribu kweli. Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi John Paul II, na Desemba 1983 Papa huyo akaenda kuketi naye selo moja, wakaongea kwa sauti ya chini. Mwaka 1995, katika waraka wake kuhusu uhai, *Evangelium Vitae*, akaandika kwamba hata muuaji hapotezi heshima yake ya kibinadamu.

Iweke hiyo kando ya Aquinas. Iweke kando ya Pius XII. Wanateolojia wanasema fundisho limekua, halijageuka, na nimesoma hoja zao kwa nia njema. Lakini kama heshima ya muuaji haikupotea 1995, basi haikupotea 1957, wala 1796. Sijaona mtu akilijibu hilo bila kuzungukazunguka. Hoja nyingine ya maandishi mapya, kwamba siku hizi magereza yanaweza kuwazuia watu hatari bila kuwaua, nayo haiendi mbali. Heshima isiyopotea haiwezi kutegemea ubora wa kufuli.

Kwetu mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1987, Hezekiah Ochuka na wenzake wa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo kamba imekaa, lakini sheria haijatoka. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 hukumu iwe kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru akafanya hivyo kwa 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo ilisema jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa muuaji. Vijana wa wizi wa mabavu wakapata matumaini, hadi Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilipofafanua kwamba ilizungumzia mauaji tu. Na wizi wa mabavu, ukisoma kifungu cha 296(2), hauhitaji mtu afe. Ukiwa na mwenzako mkamnyang'anya mtu simu kwa nguvu, mmeingia.

Sisi wenyewe tukisikia hivyo tunasema wafe tu. Mtaani video ya mwizi kupigwa inasambaa kuliko ya homilia yoyote, na baadhi ya wanaoituma nimewaona foleni ya komunyo.

Mukami Kimathi alifariki Mei 2023. Kwa miongo mingi aliomba serikali moja baada ya nyingine imwonyeshe mume wake alizikwa sehemu gani ya Kamiti ili amzike kwa heshima. Alizikwa Njabini bila kuonyeshwa.